Tunu na Saa Nane ya Mzee Leonardi

Hiki ninachokwenda kukusimulia hutakiamini, na wala sitakulaumu. Ningesimuliwa mie na mtu mwingine ningemwambia anywe maji akalale. Watu wengi wa Kipawa na Segerea wanajua kwamba mpwa wangu Tunu binti Mwinshehe, mtoto wa dada yangu, mkaazi wa Kiwalani, mpigachapa, mwaka ule wa tisini na nane baada ya mvua za elinino alikabidhiwa ulezi wa programu ya kompyuta. Hilo wanalijua. Wasilolijua ni kwamba nusura aukose ulezi huo kwa ajili ya saa nane mchana.

Tuanze na Tunu mwenyewe. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mwembamba, mbishi tangu siku aliyozaliwa. Dada yangu anasema alitoka akiwa ameshika kiuno. Alikuwa akipiga chapa kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo karibu na uwanja wa ndege. Ofisi ilikuwa imetupa mashine zake za taipu ikaleta kompyuta mbili, maana siku zile kila kitu kilikuwa kinaingia nchini kwa fujo: televisheni, mitumba, redio za spika nne, sabuni za aina kumi wakati miaka michache nyuma tulikuwa tunapanga foleni ya aina moja, na ukifika dirishani imekwisha. Wenzake ofisini walizitumia zile kompyuta kuandikia barua, na bosi akitoka, kuchezea karata. Tunu akapata kitabu cha mtumba kisicho na jalada, kinafundisha kuandika programu kwa lugha inayoitwa Pascal. Akawa anakisoma saa za chakula, anakisoma jikoni, anakisoma huku anakuna nazi. Kutwa Pascal hivi, Pascal vile. Mie nikamvuta dada yangu pembeni nikamwuliza, "Huyu Paskali ni wa kabila gani, na lini anakuja kujitambulisha?"

Dada akanikatalia chai siku hiyo.

Sasa, Mzee Leonardi. Huyu alikuwa fundi redio wa Kipawa, mtu wa Newala, mpole, mwenye miwani iliyofungwa waya wa shaba kwenye sikio moja. Zamani alikuwa fundi wa shirika la umma. Shirika likavunjwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akaambiwa anaweza kujichukulia kompyuta moja iliyokufa iliyokuwa inazuia mlango wa stoo. Akaisukuma kwa mkokoteni mpaka nyumbani, mkewe Filomena anatembea kando ameshika kioo cha hiyo kompyuta kama anasindikiza bibi harusi. Ndani ya mwezi mmoja ilikuwa hai. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa ameiandikia programu.

Programu yenyewe ilikuwa hivi. Kanda ya kaseti ikirekodiwa kutoka kanda nyingine, na hiyo nyingine ikatoka kwenye nyingine tena, mwishowe ukiiweka redioni unasikia mvua inanyesha, na mbali ndani ya hiyo mvua kuna mtu anaimba. Na Dar nzima wakati ule kanda zilikuwa za kurekodiwa hivyo: kwaya, kaswida, harusi, hotuba za marehemu. Leonardi aliunga waya kutoka kwenye redio mpaka kwenye kompyuta, sauti ikaingia, programu ikaikamua mvua ikabakiza mtu. Filomena alipoisikia mara ya kwanza alikuwa anakamua tui kwa kile kikapu chake cha ukindu. Akasema, "Hiki si kifumbu hiki?" Jina likabaki. Kifumbu.

Na hakuiuza. Kila aliyetaka alikuja na diski yake, ile bapa ya plastiki, akanakiliwa programu pamoja na matumbo yake, yaani maandishi yote ya ndani ambayo watu wengine huyaficha. Ukiweza kuyasoma, soma. Ukitaka kuyabadilisha, badilisha. Sharti lilikuwa moja: ulichokirekebisha ukirudishe, na wenzio wakipate.

Siku Tunu alipokwenda alibeba kanda ya harusi ya mama yake, nyimbo za wanawake wa Kiwalani miaka ile. Leonardi akaipitisha kwenye Kifumbu, mvua ikakatika, na sauti ya bibi yetu ikatoka humo safi kabisa ikimtania bwana harusi. Mtu mwingine angelia. Tunu akauliza:

"Mzee, imefanyaje?"

"Imechuja, binti."

"Najua imechuja. Nauliza imefanyaje?"

Leonardi akavua miwani. Miaka minne watu walikuwa wanakuja na kanda zao, wanashukuru, wanaondoka, na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo. Akampa diski. "Nenda kasome. Ukikuta ujinga wangu humo, uniletee."

Wiki moja baadaye Tunu akarudi, hata hodi hakuisubiri ijibiwe. "Shikamoo mzee. Mstari wa mia mbili na kumi na moja. Umeandika 'ukimya' pale ulipotaka kuandika 'ukali.' Ndiyo maana kila 's' inamezwa. Wanakwaya wanaimba 'sifa,' sie tunasikia 'ifa.'"

Leonardi akasoma ule mstari, akausoma tena, halafu akapaza sauti kuelekea uani kumwita mkewe. "Mama Recho! Acha hicho unachofanya! Njoo umwone mtu aliyenisoma!"

Basi wakawa wawili. Kazi yao ilikuwa na utaratibu. Jumamosi asubuhi, ofisi ikishapumua, Tunu aliruhusiwa na bosi wake kukaa kwenye kompyuta akafanya ya Kifumbu. Jumamosi mchana Leonardi naye alikaa kwenye ya kwake nyumbani. Jumapili Tunu alikwenda Kipawa na diski, wakaunganisha kazi zao kwa kijiprogramu walichokiita Kusanya. Kusanya hakikuwa na akili nyingi. Kila faili kwenye kompyuta hubeba tarehe na saa iliyoandikwa. Kusanya kiliweka la Tunu na la Leonardi ubavu kwa ubavu, kikabakiza lile jipya na kulifuta la zamani. Tunu, kwa mazoea ya kupiga chapa, kila faili alilolifungua kulisoma alilihifadhi upya kabla ya kulifunga, hata kama hakugusa herufi. Mpigachapa hawezi kunyanyuka kwenye kiti bila kuhifadhi, ni ugonjwa wao.

Mwaka ule wa tisini na nane Leonardi akatangaza kwamba anarudi Newala. Mikorosho ya baba yake ilikuwa inamwita, macho nayo yalikuwa yanamkimbia, na lori la kubeba vyombo lilikuwa limeshapatikana. Kifumbu kilitaka mlezi. Mtu wa kupokea marekebisho, wa kuamua lipi liingie lipi likae nje, wa kutoa diski mpya. Na hakuna aliyeuliza ni nani. Watu wote waliotumia Kifumbu walishaanza kumwita Tunu mlezi mtarajiwa.

Tunu alikuwa hataki kitu kingine duniani. Ofisini alikuwa "wewe wa taipu." Kiwalani alikuwa "yule ambaye hajaolewa." Kwa Leonardi alikuwa mtu wa mstari wa mia mbili na kumi na moja. Wiki zile alitembea kama ana springi kwenye visigino. Alinieleza mipango yake mpaka nikaziba masikio: Kifumbu kitachuja hiki, kitachuja kile, kitasoma kanda za pande zote mbili. Nikamwambia kikianza kuchuja maneno ya mama yako, nipe mie diski ya kwanza.

Halafu kazi za Leonardi zikaanza kupotea.

Jumamosi moja mzee aliandika marekebisho ya sauti za besi, maana wanaume wa kwaya walikuwa wanasikika kama wamefunikwa ndoo. Jumapili, baada ya Kusanya, yakawa hayapo. Akadhani amesahau kuhifadhi. Akayaandika upya Jumamosi ya pili. Jumapili hayapo. Ya tatu, hayapo. Faili la besi lililobaki lilikuwa lile la Tunu, la zamani, lenye ndoo.

"Binti," Leonardi akamwambia, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo kwa sauti ile. "Unanifuta."

"Mimi, mzee?"

"Kabla hujaja miaka minne hakuna kilichopotea humu. Kama nikiwa hapa hapa unanifuta, nikikuachia Kifumbu nikafika Newala utamfuta nani? Utawafuta wote."

"Haki ya Mungu sijagusa besi!"

"Basi imejigusa. Lori linaondoka Jumanne. Jumapili njoo, tuunganishe mara ya mwisho mbele ya watu. Kazi yangu ikiwepo, Kifumbu chako. Isipokuwepo, nafunga lile bati la biskuti ninalowekea diski, naondoka nalo, kila mtu abaki na alicho nacho."

Na kule kijijini kwake, ujue, umeme ulikuwa haujafika. Kifumbu kingekaa darini na mbegu za mahindi.

Jumamosi hiyo Tunu alifanya kazi kwa uangalifu hata ungemwonea huruma. Saa nne asubuhi alihifadhi, akakagua diski, akaifunga kwenye kitambaa kama pambo la dhahabu. Usingizi, ananiambia, ulikuwa wa kuazima.

Jumapili tukawa kibarazani kwa Leonardi, Kipawa, watu wamerudi misa ya kwanza. Kompyuta ilikuwa imewekwa mlangoni ili waya wa umeme ufike. Alikuwepo Filomena na birika la chai na sinia la mihogo. Alikuwepo Nikodemu, kiongozi wa besi wa kwaya moja ya Segerea, mtu wa kifua kipana na mzaha mwingi, amekuja na kanda ya kwaya yake ya kujaribia. Mie pia nilikuwepo, niliyemsindikiza mtoto.

Tunu akaweka diski, akaandika KUSANYA, akabonyeza. Kompyuta ikakoroma, ikanyamaza. Nikodemu akaweka kanda yake. Wanawake wa kwaya wakatoka vizuri, wanapanda, wanashuka. Wakaingia wanaume.

Ndoo.

"Huyo mie?" Nikodemu akasema. "Au nimefia kisimani?"

Hakuna aliyecheka. Leonardi akavuta bati la biskuti lililojaa diski, akaweka kifuniko juu, akaanza kukikandamiza kwa kiganja, kona moja baada ya nyingine.

"Mzee, ngoja."

"Nimeshangoja Jumapili nne."

"Ngoja moja tu. Hukuweka nakala?"

Leonardi akagusa mfuko wa shati. Alikuwa nayo. Safari hii, kwa kuwa hakumwamini tena mtu, alinakili kazi yake kwenye diski akaenda nayo mpaka kanisani. Akaitoa shingo upande. Tunu akaiingiza, akaomba orodha ya mafaili, na orodha ikashuka kwenye skrini: jina, tarehe, saa. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Mzee wangu, jana saa mbili na dakika kumi asubuhi ulikuwa wapi?"

"Tumeshafika polisi?"

"Naomba unijibu tu."

"Jana asubuhi Kipawa nzima haikuwa na umeme. Nilikuwa nimekaa hapo hapo ulipokaa, tunachambua choroko na Mama Recho."

"Za safari," Filomena akathibitisha.

"Basi hili faili la besi limeandikwaje, na umeme haupo?" Tunu akauliza. "Linasema limeandikwa saa mbili na dakika kumi."

Leonardi akasogeza pua mpaka ikakaribia kugusa skrini. "Wapi pameandikwa saa mbili? Hapo ni saa nane na dakika kumi. Nane hiyo. Hujui nane?"

"Nane," akasema Tunu taratibu.

"Nane mchana. Umeme umerudi saa saba, nimekula, nimekaa, nimeandika, nimehifadhi. Saa nane na dakika kumi."

Ungemwona Tunu! Damu ilimpanda usoni mpaka ushungi ukaonekana umebadilika rangi. Akainuka, akakaa, akainuka tena.

"Mzee, sasa hivi saa ngapi?"

Leonardi akatazama saa ya ukutani kupitia mlangoni. "Saa nne na robo."

"Na kompyuta inasema saa ngapi?"

Akabonyeza. Ikatoka nne, na kumi na tano. "Si hiyo? Nne na robo. Saa yangu mie haikosei. Siku ya kwanza ilikuwa inasema upuuzi, eti kumi wakati jua ndiyo kwanza linapanda. Nikaisahihisha."

"Ukaisahihisha!" Tunu akapiga makofi, akaruka, chai ya Nikodemu ikamwagika. "Ukaisahihisha, mzee! Ya ofisini kwetu sasa hivi inasema kumi na robo! Wao waliozitengeneza wanahesabu tangu usiku wa manane!"

"Nani anayeanza siku usiku wa manane?" Leonardi akauliza kwa dhati kabisa. "Siku inaanza kunapokucha."

"Ndivyo! Ila kompyuta za ofisini haziambiwi hivyo. Sikiliza. Mie jana faili la besi nimelifungua kulisoma tu, nikalihifadhi saa nne asubuhi, mashine yangu imeandika kumi. Wewe umehifadhi saa nane mchana, ya kwako imeandika nane. Kusanya hakijui mchana wala asubuhi, kinajua kumi ni kubwa kuliko nane. Kikaona yangu ndiyo mpya. Kikakufuta. Tangu nianze kulisoma hilo la besi, Jumapili zote nne kimekufuta kwa adabu zote!"

Nikodemu akapasuka. Alicheka kwa ile besi yake mpaka vikombe vikagongana sinia. "Mzee Leonardi! Umeipeleka kompyuta jando! Umeifundisha saa za kwetu!"

Leonardi hakucheka. Alivua miwani, ule waya wa shaba ukanasa sikioni, akahangaika nao. "Mie nilikwambia unanifuta," akamwambia Tunu. "Nilikwambia mbele ya watu."

"Yameisha, mzee."

"Hayajaisha. Ngoja niirudishe hii saa kwenye upuuzi wake, kisha ndiyo yaishe." Akanyoosha mkono kwenye kibodi.

"Usiiguse!"

Hata Filomena alishtuka. Tunu mwenyewe alishtuka. Hakuwahi kumkemea mtu wa umri ule. Akashusha sauti. "Samahani mzee. Lakini tukiibadilisha ya kwako, tumeponya moja. Je, ni wangapi huko nje wameweka saa kama wewe? Watu watarudisha marekebisho yao, nasi tutawafuta tukiwashukuru."

"Hakuna mwingine mwenye kichwa kama cha Baba Recho," Filomena akasema.

Nikodemu alikuwa ameacha kucheka. Alikuwa anatazama mihogo. "Ile kompyuta ya kwaya yetu," akasema, "mie ndiye niliyeiweka saa."

"Umeiwekaje, kaka Niko?"

"Vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Saa moja asubuhi nikaandika moja. Sasa ningeandika ngapi?"

Hapo ndipo Leonardi alipocheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na kicheko kikapita kwa Filomena, kikaja kwa Tunu, na Nikodemu mwenyewe akakata tamaa akajiunga. Walipotulia Tunu alikuwa ameshakaa kwenye kibodi. Vidole vya mpigachapa hivyo, huvioni, unasikia tu mvua juu ya mabati. Alikifungua Kusanya, akakiongezea mistari ishirini na kitu, Leonardi amesimama nyuma yake, mara moja tu alinyoosha kidole kwenye nukta-mkato iliyosahaulika. Chai ikapoa. Filomena akatia nyingine, nayo ikapoa.

Baada ya nusu saa akabonyeza. Kusanya sasa kikawa kinauliza kabla ya kupokea diski ya mtu, kwa herufi kubwa za kijani: SAA YAKO NI YA KWETU AU YA KWAO?

Leonardi akasoma kwa sauti. Akasoma tena, taratibu, kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani.

"Hutakataa ya kwetu?" akauliza.

"Kwa nini nikatae? Ukijibu ya kwetu, kinaongeza masaa sita, kisha kinalinganisha. Kila mtu abaki na saa yake ukutani."

Wakaingiza diski ya mfukoni. Wakajibu YA KWETU. Ya Tunu wakajibu YA KWAO. Kompyuta ikakoroma kwa muda mrefu kuliko mie nilivyowahi kumsubiri daktari. Nikodemu akarudisha kanda mwanzo. Wanawake wakapanda, wakashuka. Wakaingia wanaume, na safari hii waliingia na vifua vyao vyote, besi ikatembea chini ya kibaraza mpaka kifuniko cha birika kikaanza kutetemeka.

"Huyo mie!" Nikodemu akapiga kelele. "Huyo mie, wa kushoto! Na hapo nimekosea, mnasikia? Nimekosea, na nasikika!"

Mzee Leonardi akachukua bati la biskuti. Akakibandua kile kifuniko alichokikandamiza, akaweka juu ya diski daftari lake la miaka sita, lenye kila kosa alilowahi kulifanya na siku alipolisahihisha. Akalibeba kwa mikono miwili, akamwinamia Tunu, yeye mzee kwa binti.

"Pokea, mlezi," akasema. "Na mtu akija na diski, umwulize kwanza saa yake. Mie sikukuuliza."

Tunu akapiga goti, akapokea. Na hapo sasa ndipo ungeona mambo! Ua ulilipuka. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani, mia mbili na hamsini niliwahesabu kwa macho yangu, wengine wamepanda ukuta, wengine wamepanda migongo ya wenzao, na mbele yao wote nimesimama mie, nimeinua mikono nawaambia, "Mnamwona huyo? Huyo ni mpwa wangu, na ile hesabu ya masaa sita mie ndiye niliyemnong'one—"

"Mjomba," anasema Tunu, ameinama nyuma yangu anasoma ninachoandika. "Tulikuwa watano. Na wewe ulikuwa umelala mkekani."